Stempu za ushuru zenye picha za ndege: zipi ni za kweli, na je, nizibandue kwenye hati?

Korongo_Momela (Arusha)

Habari wakuu. Nataka kujenga mkusanyiko mdogo wa stempu za ushuru zenye ndege wa nchi za joto: korongo taji, kwazi, kasuku, kwetzali wa Guatemala na wenzao. Stempu za posta zenye ndege nazifahamu kiasi, za ushuru, yaani zile za kulipia ushuru wa hati au leseni badala ya barua, ndizo zinanichanganya. Maswali ni haya:

Kwanza, nina stempu za "Kenya Uganda Tanganyika" zenye korongo taji na picha ya mfalme. Nyingine zina muhuri wa posta, nyingine zimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino, na mbili za shilingi 10 zina muhuri wa zambarau wenye umbo la yai. Hizi tuziite za posta au za ushuru?

Pili, kuna stakabadhi na mikataba minne ya zamani, stempu bado zimebandikwa. Nizibandue kwa maji?

Tatu, muuzaji wa mtandaoni ana stempu za Marekani zenye mabata, anasema ni za ushuru. Ni kweli? Na bata anaingiaje kwenye mada ya nchi za joto?

Na masika ndiyo hiyo inakaribia, naomba na ushauri wa kuhifadhi.

FundiKibano (Moshi)

Karibu sana mkuu. Swali la kwanza ndilo zito, ngoja nianze nalo.

Stempu zako ni za posta na za ushuru kwa pamoja. Soma maandishi ya kwenye fremu: POSTAGE na REVENUE. Stempu ileile iliweza kulipia barua na iliweza kulipia ushuru wa hati. Kwa hiyo picha haiamui kitu. Kinachoamua ni namna ilivyofutwa, yaani alama iliyowekwa juu yake ili isitumike tena.

Muhuri wa duara wenye jina la mji na tarehe ni posta. Sahihi au tarehe ya kalamu iliyokatiza juu ya stempu ni ushuru, kwa kuwa aliyetoa risiti alitakiwa aifute ili isitumike tena. Muhuri wa mpira, wa yai au wa mstatili, wenye jina la benki, kampuni, wakili au ofisi, huo pia ni ushuru. Matundu yaliyotobolewa katikati ya stempu kwa mashine, vilevile ushuru. Kwa hiyo hizo mbili za shilingi 10 zenye yai la zambarau ni stempu za ushuru kwa matumizi, na kwa mada yako ndizo unazozitaka.

Sasa zipange. Korongo taji yupo kwenye thamani nne: senti 1, senti 20, senti 40 na shilingi 10. Toleo la kwanza ni la 1935, la mfalme George V, mwenye ndevu. La pili lilianza 1938, la George VI, ambaye hana ndevu, likaendelea kuuzwa mpaka stempu za Malkia Elizabeth zilipotoka mwaka 1954. Tenganisha ndevu na kidevu kitupu kwanza, kisha ndani ya kila fungu panga kwa thamani, kisha kwa namna ya kufutwa. Ukianza kwa rangi utapotea, kwa sababu za George VI zilichapwa kwa awamu nyingi na wino ulitofautiana.

Baada ya hapo pima meno. Kipimo cha meno ni idadi ya matundu katika sentimita 2, na unatumia kadi maalumu ya kupimia, usitumie rula. Kwenye mfululizo wa George VI zipo thamani zilizochapwa zikiwa na meno 13¼ na baadaye 14, na bei ya moja inaweza kuwa mbali kabisa na ya nyingine. Pima upande wa juu na upande wa kulia, zote mbili, maana kuna zilizo na kipimo kimoja mlalo na kingine wima.

Neno la tahadhari kuhusu shilingi 10. Barua ya kulipiwa shilingi 10 haikuwa jambo la kila siku, ila mkataba wa nyumba au wa shamba ulihitaji thamani kubwa kama hizo. Ndiyo sababu iliyotumika posta ina bei kubwa kuliko iliyotumika kwa ushuru, na ndiyo sababu watu huziosha: wanaondoa wino wa kalamu kwa dawa, halafu wanagonga muhuri wa posta wa kughushi. Ukitaka kununua shilingi 10 yenye muhuri wa posta, fanya haya kabla hujatoa hela.

Iweke chini ya ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani. Mstari wa kalamu uliooshwa mara nyingi hubaki kama kivuli cheusi au kama njia iliyopauka kwenye karatasi. Kisha iinamishe mbele ya dirisha: nibu ya chuma huacha mfereji, na dawa haiwezi kuujaza. Tazama zambarau ya fremu. Ikiwa imepauka kwa mabaka huku nyuma ya karatasi kukiwa na weupe usio wa kawaida, iache. Kwa lenzi ya mara 10 tazama kingo za muhuri. Muhuri uliogongwa juu ya karatasi iliyopoteza ugumu wake husambaa pembeni kama chai kwenye leso. Mwisho soma tarehe. Stempu ya George VI yenye muhuri wa 1936 haihitaji taa wala lenzi, mfalme huyo hakuwa bado kwenye stempu hizi.

Hati_Kongwe (Arusha)

Namuunga mkono FundiKibano, naongezea la pili.

Usibandue. Stempu ya ushuru ikiwa juu ya hati inasema vitu vinne kwa mara moja: ilipia nini, kiasi gani, lini na wapi. Ikibanduliwa inabaki korongo mwenye mkwaruzo wa kalamu. Na kwa stempu za senti 1 na senti 20, ambazo zenyewe zilichapwa kwa wingi, hati ndiyo inayobeba thamani karibu yote. Risiti ya mauzo ya kahawa yenye senti 20 ya korongo, sahihi imekatiza nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi, ni kitu kamili. Hiyo sahihi iliyovuka ukingo ndiyo uthibitisho kwamba stempu haikubandikwa jana.

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaijui mpaka wamekwisha kuharibu: baadhi ya wino wa stempu za thamani kubwa ulitengenezwa makusudi ukimbie maji, ili mtu asiweze kuosha muhuri na kuitumia tena. Zambarau na kijani ndizo za kuogopwa zaidi. Ukiitumbukiza stempu ya namna hiyo kwenye bakuli, muhuri unabaki na rangi inaondoka.

Wino wa hati nao uangalie. Wino mweusi wa zamani, ule uliogeuka kahawia, una chuma ndani yake na ni wa tindikali. Ukipata unyevu unaendelea kuila karatasi, hatimaye herufi zinadondoka na kuacha matundu. Hati ya hivyo isikunjwe upya kwenye mkunjo wa zamani. Ilaze wazi ndani ya karatasi nyeupe isiyo na tindikali, toa pini na vibanio vyote vya chuma, na kama kuna gundi ya selotepu iliyogeuka njano, usiivute. Iache ilivyo, maana itaondoka na ngozi ya karatasi.

Na hili ni la kisheria, tafadhali lizingatie. Hati zenye namba za majalada ya serikali si bidhaa. Kumbukumbu za umma zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Risiti za biashara binafsi, mikataba ya watu binafsi na hundi za zamani ni jambo jingine, ila hata hizo ukizipiga picha za kuweka mtandaoni, funika majina na namba za viwanja. Familia za hao watu bado zipo.

Korongo_Momela (Arusha)

Asanteni sana, ndugu zangu. Hati sitazigusa. Swali dogo: zipo kama 20 ambazo tayari zilikatwa kwenye hati na mtu mwingine, zina vipande vya karatasi nyuma, vingine vimekatwa hovyo. Nazo niziache?

Hati_Kongwe (Arusha)

Kama kipande kina karatasi kuzunguka stempu pande zote, hata milimita 5 tu, na muhuri au sahihi inaendelea juu ya karatasi, kiache. Kama karatasi imeishia kwenye meno ya stempu na hakuna maandishi yoyote yanayoendelea, hapo unaweza kubandua, kwa utaratibu.

Jaribu wino kwanza. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kiloweshe, kikamue kabisa, gusa kona moja ya fremu kwa sekunde chache, halafu kandamiza karatasi nyeupe ya kukaushia. Ukiona hata doa hafifu la rangi, simama hapo hapo. Stempu hiyo inabaki na karatasi yake maisha yote. Wino wa kalamu nao ujaribu hivyohivyo, maana kwa stempu ya ushuru maandishi ya kalamu ni sehemu ya ushahidi, siyo uchafu.

Iliyofaulu, usiitumbukize. Iweke ielee juu ya maji ya uvuguvugu, uso juu, karatasi chini, moja moja, zisigusane. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa gundi ya zamani. Ikiwa tayari, karatasi huachia yenyewe ukiisukuma kidogo kwa kibano. Ukilazimika kuvuta, irudishe majini dakika 5 zaidi. Ukivuta kwa nguvu unapasua karatasi ya stempu kwa ndani, na jeraha hilo huonekana kama doa jembamba ukiiweka kwenye mwanga. Bei yake imekufa papo hapo.

Maji: tumia ya chupa au ya mvua. Maji ya bomba na visima vya upande huu wa Meru yana madini mengi, yakikauka yanaacha utando mweupe kwenye karatasi. Kausha uso ukiwa chini juu ya karatasi ya kukaushia, ikikaribia kukauka hamishia ndani ya kitabu kizito, iache siku nzima. Ukiiweka kitabuni ikiwa mbichi itaganda.

Stempu za kisasa zenye gundi ya kunata kama stika usizijaribu kwa maji kabisa. Zikate na karatasi yake.

Tandawala (Moshi)

Mie nichukue mabata, kwa sababu watu wengi huyapuuza na ni kosa.

Muuzaji yuko sahihi. Stempu ya uwindaji wa ndege wa maji ya Marekani ni stempu ya ushuru halisi. Ilianza 1934 kwa bei ya dola 1, mchoro wa kwanza ni wa Jay Norwood Darling, mchora katuni wa magazeti. Mwindaji alikuwa akiinunua, akiibandika kwenye leseni yake na kutia sahihi juu yake. Mapato yanakwenda kununua na kuhifadhi ardhi yenye maji kwa ajili ya ndege. Haitumiki kwenye barua hata kidogo. Kwenye katalogi za Kimarekani inaanza na herufi RW.

Mengi ni mabata wa nchi za baridi, hayo hayakuhusu. Yanayokufaa ni machache sana:

Ya 1964, dola 3, ina nene, bata bukini wa visiwa vya Hawaii.
Ya 1986, dola 7.50, ina bata mwenye rangi ya hudhurungi anayepiga mluzi, *Dendrocygna bicolor*. Huyu ndiye ningemweka ukurasa wa kwanza kwako, kwa sababu spishi hiyohiyo inaishi Amerika, Asia ya kusini na Afrika Mashariki. Ni bata wa maziwa yetu, yuko kwenye stempu ya ushuru ya Wamarekani.
Ya 1990, dola 12.50, ina ndugu yake mwenye tumbo jeusi, *Dendrocygna autumnalis*, ambaye makazi yake yanashuka mpaka Amerika Kusini.

Mambo mawili ya kuwa nayo macho. Iliyotiwa sahihi ilitumika, ni ya bei nafuu. Isiyotiwa sahihi na yenye gundi kamili ni ghali. Kwa mkusanyiko wa ushuru mimi ningechukua yenye sahihi bila kusita, tena ikiwa bado kwenye leseni yake ndiyo bora zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyofanya kazi iliyochapiwa.

La pili: nyuma ya stempu hizi kuna maandishi, na kwa zilizochapwa tangu 1954 maandishi hayo yamechapwa juu ya gundi. Ukiilowesha, gundi inaondoka na maandishi yanaondoka nayo. Ndipo wajanja wanapoiuza kama "kosa la uchapaji, haina maandishi nyuma". Iliyokosa gundi na kukosa maandishi ni stempu iliyooshwa, basi. Kosa la kweli lazima liwe na gundi yake yote.

FundiKibano (Moshi)

Tandawala umenikumbusha jambo: ndege wengi kwenye stempu za ushuru hawaji kama picha ya ndege, wanakuja kupitia nembo ya taifa. Posta huchora ndege ili stempu ivutie. Mamlaka ya mapato haina haja hiyo, inaweka nembo, thamani na fremu ngumu kughushi. Kwa hiyo mtafuta ndege atafute nembo.

Guatemala ina kwetzali kwenye nembo yake tangu 1871, na tangu 1925 hata fedha yao inaitwa kwetzali, kwa hiyo kwenye stempu moja unaweza kumpata ndege na jina lake. Uganda ni korongo taji. Zambia ni kwazi. Mauritius ni dodo, ndege ambaye hayupo tena duniani. Trinidad na Tobago wana kwarara mwekundu na ndege wavumaji. Dominika wana kasuku wawili, Bahamas wana heroe. Ekuado na Kolombia wana kondori, ila huyo ni wa milima ya Andes. Uamuzi wa kumwingiza ni wako, mimi namwacha nje.

Nembo ni ndogo, hivyo lenzi ya mara 10 ni lazima. Na jifunze maneno machache ya kwenye fremu yanayokuambia hii ni ya ushuru: REVENUE au STAMP DUTY kwa Kiingereza, TIMBRE FISCAL kwa Kihispania na Kifaransa pia, IMPOSTO DO SELO kwa Kireno, HASIL kwa Kimalei. Stempu yenye ndege mzuri wa rangi nane, isiyo na jina la nchi unayoijua wala lolote kati ya maneno hayo, mara nyingi ni lebo ya kibiashara iliyochapwa ili iuzwe kwa wakusanyaji. Usinunue.

Ongezo kwa wapenda ndege: Uganda ilitoa mfululizo wa ndege mwaka 1965, thamani 14, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20 yenye korongo taji. Hizo ni za posta. Weka moja pembeni ya korongo wako wa 1935 kama kielelezo, ila usiziandike kama za ushuru isipokuwa umezikuta juu ya hati.

Tandawala (Moshi)

Kuhusu masika, kwa ufupi.

Adui ni unyevu. Moshi kuna joto na unyevu pamoja, Arusha kuna ubaridi na ukungu wa Juni na Julai. Kote kuwili karatasi inanywa maji. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kipima unyevu kidogo cha betri kinatosha. Vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu vinafaa, lakini vikisha kushiba havifanyi kazi tena. Vya kubadilika rangi unaweza kuvikausha kwa moto mdogo na kuvirudisha.

Albamu zisimame wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, maana uzito na joto huigandisha gundi kwenye ukurasa. Mbali na ukuta wa nje. Siku kavu zifungue, zipate hewa nusu saa kivulini.

Vifuko viwe vya plastiki isiyo na PVC. PVC hutoa mafuta taratibu, stempu inakuwa kama imepakwa samli. Vidonge vya nafthalini vya kabatini visikae karibu, vinaharibu plastiki na rangi. Stempu ikitokwa na madoa ya kahawia kama kutu, ni ukungu: itoe siku hiyohiyo, iweke peke yake, kagua zilizokuwa jirani nayo.

Kibano cha nyusi kinachouzwa kwenye maduka ya vipodozi kina meno ndani, kitaiuma stempu. Tafuta chenye ncha bapa na laini.

Korongo_Momela (Arusha)

Nimewaelewa vizuri, Mungu awabariki. La mwisho kabisa: chini ya kila stempu niandike nini?

Hati_Kongwe (Arusha)

Kwa penseli, kwenye ukurasa, kamwe usiandike juu ya stempu wala nyuma yake. Mfano wa zile zako:

*Kenya Uganda Tanganyika. Shilingi 10. George VI. Korongo taji. Meno: (pima). Imefutwa kwa muhuri wa mpira wa zambarau, umbo la yai. Jina linalosomeka kwenye muhuri: … Tarehe: … Bila hati.*

Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaache. Siku ukipata ya namna hiyo ikiwa juu ya hati, ndiyo itakayochukua nafasi yake, na hii utaibadilishana na mtu.